Somo la 9: Waliorudi na Waliobaki

Reli ya TAZARA inapita hapa Mbingu. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Wachina walikuja kwa maelfu, wakafanya kazi pamoja na Watanzania na Wazambia. Walikaa kambini. Kazi ngumu kabisa ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako: kutoboa milima, kujenga madaraja. Wachina zaidi ya 60 walikufa, nao wakazikwa huku huku. Reli ilikabidhiwa mwaka 1976. Wachina wengi wakarudi kwao.

Si kila anayehama hurudi. Wangoni walikimbia vita Afrika ya Kusini, wakati wa Shaka. Mwaka 1835 kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi. Hawakuwa na reli! Walitembea miaka mingi, na watoto na ng'ombe. Wengine wakafika Songea. Baadhi ya watu waliochanganyika nao wakaja bonde la Kilombero. Hao ndio Wambunga. Leo nani atawaita wageni Ifakara?

Maswali
1. Wachina walikuja kufanya nini?
2. Kwa nini Wangoni hawakurudi?
3. Waulize wazee: ukoo wako ulitoka wapi? Andika majibu yao.