RIDHAA YA MWANAMKE KATIKA SENEMA ZA KIHINDI



Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi hulitazama lakini wachache hulipima, nalo ni mafunzo ya mapenzi yaliyomo katika picha za senema za Kihindi. Dadasaheb Phalke alionyesha picha yake, Raja Harishchandra, mwaka 1913, na ndani yake hata mke wa mfalme aliigizwa na mwanamume. Tangu hapo India imekuwa mojawapo ya nchi zinazotengeneza picha nyingi kabisa duniani. Picha hizo zimevuka bahari. Watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wamezijua tangu zamani, na sauti za nyimbo zake zimeingia hata katika taarabu. Kwa hiyo tukizungumza juu ya senema za India, twazungumza pia juu ya kitu kilichomo katika nyumba zetu.

Hatukusudii kulaumu taifa wala kukataza watu kuburudika. Picha hizo zina mema mengi: huwahurumia maskini, huheshimu wazazi, na hukemea dhuluma ya matajiri. Lakini katika habari ya mapenzi kuna kasoro moja inayorudi mara kwa mara kwa sura mbalimbali. Ili uione, msomaji, yakupasa kujiuliza swali moja tu kila unapotazama: Je, mwanamke huyu aliulizwa, na jibu lake likahesabiwa?

Tuchukue sasa sura nne za kasoro hiyo, moja baada ya moja.

KWANZA: KUMWANDAMA ASIYETAKA

Sura ya kwanza ni ile ya kijana anayempenda msichana, akamfuata njiani, akamzuia asipite, akamwimbia mbele ya rafiki zake wanaocheka. Msichana hukasirika na kumfukuza. Kijana haachi. Baada ya wimbo mmoja au miwili msichana hutabasamu, na mtazamaji huambiwa kwamba uvumilivu umelipa. Hivyo neno "sitaki" linafanywa kuwa mlango uliorudishwa tu, ambao ukisukumwa sana utafunguka.

Katika picha ya Darr ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Yash Chopra, kijana anamwandama Kiran, mwanamke aliye na mchumba wake, ambaye baadaye anakuwa mumewe. Humpigia simu, huingia nyumbani kwake, na hata huchora jina la mwanamke huyo kifuani mwake kwa kisu. Ni kweli kwamba mwisho kijana huyo anauawa. Lakini picha ilimpamba kwa nyimbo na machozi kiasi kwamba watu wengi walimhurumia yeye kuliko yule mwanamke aliyekuwa hapati usingizi kwa hofu.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2013, ikatoka Raanjhanaa ya Aanand L. Rai. Kundan, kijana wa mji wa Varanasi, anamfuata Zoya tangu wakiwa wadogo. Zoya anapokataa, kijana anajikata mkono kwa wembe mbele yake. Hapo Zoya anamkumbatia. Tafakari, msomaji: je, huo ni upendo uliopatikana au ni hofu iliyotiwa? Anayesema, "Nikubali, au nitakufa," hakuuliza swali. Ametoa kitisho, na mtu aliyetishwa hawezi kutoa ridhaa.

PILI: KUMTOA MWANAMKE KAMA ZAWADI

Sura ya pili ni kumhamisha mwanamke kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Katika Sangam ya Raj Kapoor, ya mwaka 1964, Radha anampenda Gopal. Lakini Sundar, rafiki wa Gopal, anampenda Radha pia. Kwa ajili ya urafiki, Gopal ananyamaza na kumwachia rafiki yake. Radha anaolewa na mwanamume ambaye moyo wake haukumchagua, na picha yatuita tuusifu ukarimu wa Gopal. Lakini mtu hukarimu kilicho chake. Moyo wa Radha haukuwa mali ya Gopal hata autoe sadaka. Na matunda yake yalikuwa machungu: ndoa ikaingiwa na wivu, na mwisho Gopal akajiua.

Sura hiyohiyo, ikiwa imevaa nguo za kupendeza zaidi, imo katika Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Aditya Chopra, ya mwaka 1995. Picha hii ilionyeshwa katika jumba la Maratha Mandir mjini Mumbai kwa zaidi ya majuma 1,000. Simran amekwisha ahidiwa kwa mtoto wa rafiki wa baba yake, naye anampenda Raj. Mama yake anawapa vito vyake na kuwasihi wakimbie. Raj anakataa. Asema kwamba hatamchukua mpaka baba mwenyewe amtoe.

Kuheshimu wazazi ni jambo jema, nasi hatulidharau. Lakini angalia ni nani anayeamua. Mama amekwisha sema na hasikilizwi. Simran amekwisha sema na hasikilizwi. Raj na baba wanashindana mpaka mwisho, katika kituo cha gari moshi, baba anauachilia mkono wa binti yake, naye anakimbilia gari linaloondoka. Watazamaji hulia kwa furaha. Nasi twauliza: kama baba asingeuachilia mkono ule, neno la Simran lingekuwa na uzito gani?

TATU: KUMBADILI KWANZA NDIPO APENDWE

Sura ya tatu ni ya mwanamke anayestahili kupendwa baada ya kugeuzwa tu. Katika Purab Aur Paschim ya Manoj Kumar, ya mwaka 1970, Preeti amelelewa London. Anavuta sigara, anakunywa pombe, na nywele zake ni za rangi ya dhahabu. Mwisho anavaa sari na kuwa mwanamke wa Kihindi kama shujaa atakavyo. Katika Kuch Kuch Hota Hai ya Karan Johar, ya mwaka 1998, Anjali ni msichana mwenye nywele fupi anayecheza mpira wa kikapu, na Rahul humwona kuwa rafiki tu. Miaka minane baadaye anarudi akiwa na nywele ndefu na sari, ndipo Rahul anapompenda. Tena siku ya harusi, mchumba wake Anjali ndiye anayemkabidhi kwa Rahul.

Huenda msomaji akauliza: Je, kuacha ulevi si jambo jema? Ni jema sana. Lakini mtu huacha ubaya kwa kuujua ubaya wake, siyo kwa ajili ya kumpendeza mwanamume. Tabia iliyovaliwa kwa ajili ya mtu mwingine huvuliwa siku mtu huyo anapoondoka.

NNE: KUMMILIKI NA KUMPIGA

Sura ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2019 ilitoka Kabir Singh ya Sandeep Reddy Vanga, iliyofuata picha yake ya Kitelugu, Arjun Reddy, ya mwaka 2017. Kabir ni mwanafunzi wa udaktari. Anamwona msichana mgeni chuoni, naye kabla hata hajazungumza naye anawatangazia wanafunzi wengine kwamba huyo ni wake. Anambusu bila kumwuliza. Baadaye anampiga kofi. Yote hayo yanaonyeshwa kuwa ni ukali wa mapenzi, na picha hiyo ikawa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi kabisa nchini India mwaka ule.

Hapa yafaa tuseme waziwazi. Kofi si lugha ya mapenzi. Na yule asemaye "wangu" kabla ya kuambiwa "wako" hakupenda, bali amenyang'anya.

MAJIBU YA BAADHI YA HOJA

Huenda mtu akasema: "Hayo ni maigizo tu, wala hayamdhuru mtu." Jibu letu ni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Picha moja haimfundishi mtu ubaya, lakini kijana aliyeona mara mia kwamba anayekataliwa akiendelea hupata, hujenga mazoea ya kufikiri hivyo. Mwaka 2015, nchini Australia, mtu mmoja aliyetoka India alikiri mahakamani kosa la kuwaandama wanawake wawili. Wakili wake alieleza kwamba picha za Kihindi zilimfanya aamini kuwa mwanamke akifuatwa kwa subira mwisho hukubali. Mtu huyo hakufungwa. Lakini fikiri juu ya wale wanawake wawili, ambao maisha yao yalifanywa kuwa mchezo wa senema bila wao kupenda kuigiza.

India yenyewe imeona hatari hii. Mwezi Desemba 2012, mjini Delhi, mwanafunzi wa kike alishambuliwa na wanaume ndani ya basi, akafa kwa majeraha yake. Nchi nzima ilitikisika. Mwaka 2013 Bunge likabadili sheria, na kumwandama mwanamke kukawa kosa lenye jina lake. Sheria hiyo yamhusu mwanamume anayemfuata mwanamke na kuendelea kumtafuta ilhali mwanamke ameonyesha wazi kwamba hataki. Kosa la kwanza adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3, na likirudiwa ni hadi miaka 5. Sheria mpya ya jinai iliyoanza kutumika Julai 2024 imelihifadhi kosa hilo. Basi lile linalopigiwa makofi ndani ya jumba la senema, nje ya mlango wake laweza kumpeleka mtu gerezani.

Mwingine husema: "Mwanamke mwenye haya hawezi kukubali mara ya kwanza. Akisema hapana ana maana ya ndiyo." Hoja hii yasikika India, nasi pia twaisikia kwetu. Jibu ni kwamba haya ni pambo jema, lakini haina uwezo wa kugeuza maana ya maneno. Ikiwa mwanamke anaona haya, ipo njia ya heshima: peleka watu wenye busara kwa jamaa zake, kisha ungoje. Akikubali, atajulisha. Akikataa, urudi nyumbani kwako kwa amani. Kumzuia barabarani hakupunguzi haya yake, bali humtia hofu.

Wa tatu husema kwamba dini ndiyo iliyomnyima mwanamke sauti. Hili si kweli kwa Uislamu. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliivunja ndoa ya mwanamke aliyeozwa na baba yake bila kupenda, mwanamke huyo alipomfikia na kushtaki. Na katika sura ya Nuri, amri ya kuinamisha macho wanaambiwa wanaume kwanza, ndipo wanawake. Walii anayo heshima yake, lakini heshima hiyo haifuti ridhaa ya bibi arusi.

WATENGENEZAJI WALIOONA NJIA NYINGINE

Haki yatutaka tuseme pia kwamba wamo Wahindi waliotengeneza picha za namna nyingine. Katika Arth ya Mahesh Bhatt, ya mwaka 1982, mke aliyeachwa anakataa kumpokea tena mume anayerudi, na picha yamheshimu kwa neno lake. Katika Mirch Masala ya Ketan Mehta, ya mwaka 1987, ofisa wa serikali ya kikoloni anamtaka Sonbai, mwanamke wa kijijini. Wazee wanaona afadhali atolewe ili kijiji kisalimike. Mlinzi mzee, Abu Mian, peke yake anafunga lango la kiwanda cha pilipili na kuwalinda wanawake mpaka anauawa. Mwisho wanawake wenyewe wanamrushia yule ofisa unga wa pilipili machoni. Katika Pink ya mwaka 2016, wakili mzee anaieleza mahakama kwamba hapana ya mwanamke yatosha bila maelezo zaidi. Na katika Thappad ya Anubhav Sinha, ya mwaka 2020, mke aliyepigwa kofi moja mbele ya wageni anaomba talaka, ingawa watu wote wanamwambia kwamba ni kofi moja tu.

Picha hizi zathibitisha kwamba kasoro tuliyoieleza haikuandikwa katika damu ya Wahindi. Ni mazoea, na mazoea hubadilika watu wanapoyaona.

MWISHO

Ndugu msomaji, wewe uliyeingia katika imani kwa hiari yako, au ambaye bado unachunguza, jambo hili wapaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Je, ungeiita imani kitu ulichokikubali kwa sababu mtu alikuzuia njiani kila siku mpaka ukachoka? La, hasha! Wajua kwamba kukubali kuna thamani kwa kuwa ulikuwa na uwezo wa kukataa. Basi hivyo ndivyo ilivyo katika ndoa na mapenzi.

Kwa hiyo utakapoketi tena pamoja na watoto wako kutazama picha ya Kihindi, usiwafukuze wala usinyamaze. Waulize: Je, huyu dada aliulizwa? Alijibu nini? Jibu lake lilihesabiwa? Mwache kijana wa kiume ajibu kwanza, kisha msikilize binti yako. Huenda akakueleza jambo lililompata njiani ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kulisema.

Wazee wetu walisema, hiari yashinda utumwa. Nyumba iliyojengwa juu ya hiari ya wawili itasimama. Mwenyezi Mungu atujalie kuzijenga nyumba za namna hiyo. Amin.