RIBA JUU YA RIBA

Katika masomo yaliyopita tulijifunza asilimia. Asilimia 20 maana yake ni 20 katika kila 100. Leo tutatumia hesabu hiyo kupima deni.

Mkulima mmoja alihitaji fedha za mbegu na mbolea. Mvua zilikuwa zimekaribia. Alikwenda kwa mkopeshaji kukopa shilingi 100,000. Mkopeshaji alimpa karatasi atie sahihi. Mkulima aliomba kwanza aende nayo nyumbani.

Mke wake alikuwa akihudhuria darasa la watu wazima. Aliisoma karatasi kwa sauti:

"Mkopo ni wa miezi 12. Riba ni asilimia 20 kila mwezi. Riba isiyolipwa itaongezwa kwenye deni. Dhamana ni shamba la ekari mbili."

Mkulima alisema, "Riba ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 240,000. Pamoja na mkopo wenyewe nitalipa 340,000. Ni ghali, lakini mavuno yatatosha."

Mke wake akajibu, "Sivyo, mume wangu. Hapa wameandika kwamba riba itaongezwa kwenye deni. Riba nayo itazaa riba. Lete kalamu tuhesabu."

Tuhesabu pamoja nao. Asilimia 20 ni sehemu moja katika tano. Kila mwezi tunagawanya deni kwa 5. Kisha jibu tunalijumlisha na deni.

Mwezi wa 1: 100,000 + 20,000 = 120,000
Mwezi wa 2: 120,000 + 24,000 = 144,000
Mwezi wa 3: 144,000 + 28,800 = 172,800
Mwezi wa 4: 172,800 + 34,560 = 207,360

Angalia vizuri. Riba ya mwezi wa nne si 20,000 tena. Asilimia haikubadilika. Deni ndilo lililokua. Kwa miezi 4 tu limezidi mara mbili.

Miezi 4 mingine italizidisha tena hivyo hivyo. Miezi 4 ya mwisho pia. Mbili mara mbili ni nne. Nne mara mbili ni nane. Basi baada ya miezi 12 deni litakuwa zaidi ya mara nane. Hesabu kamili ni shilingi 891,610, wala si 340,000.

Mkulima hakutia sahihi. Waliuza mbuzi mmoja, wakanunua mbegu na mbolea ya ekari moja. Mavuno yalikuwa machache, lakini shamba ni lao.

Njia ya mkato

Ukitaka kujua deni litaongezeka mara mbili baada ya muda gani, gawanya 72 kwa asilimia ya riba. Jibu si kamili, lakini liko karibu.

Riba ya 20 kwa mwezi: 72 ÷ 20 = 3.6. Ni karibu miezi 4.
Riba ya 10 kwa mwezi: 72 ÷ 10 = 7.2. Ni kama miezi 7.

Njia hii inafaa pia kwa mambo mengine yanayokua kwa asilimia. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ongezeko lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. 72 ÷ 3.2 = 22.5. Kwa mwendo huo watu huwa mara mbili kwa miaka kama 22. Ardhi ya kijiji haiongezeki.

Maswali

1. Ni maneno gani katika karatasi yaliyofanya riba izae riba?
2. Mtu amekopa shilingi 50,000. Riba ni asilimia 10 kila mwezi, nayo huongezwa kwenye deni. Baada ya miezi 3 atadaiwa kiasi gani?
3. Akiba inakua kwa asilimia 6 kila mwaka, na faida haitolewi. Itakuwa mara mbili baada ya miaka mingapi?
4. Jadilianeni darasani: Mtu aulize mambo gani kabla ya kutia sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya mkopo?

Majibu: Swali la 2, shilingi 66,550. Swali la 3, miaka kama 12.