Kufungua Friwili Iliyokwama

Somo kwa vikundi vyenye baiskeli



Hapa Ziwa la Ng'ombe baiskeli ni mtaji. Ikipakia mitungi minne ya maji ya lita 20, hizo ni kilo 80, bila kumhesabu mwendeshaji. Mzigo huo huelemea gurudumu la nyuma na spoki hukatika. Zikikatika upande wa cheni, spoki mpya haipiti mpaka friwili itolewe, maana imeziba matundu ya habu. Nayo, kwa hewa hii yetu ya chumvi, imeshika kutu. Hapo mwenyewe huambiwa anunue habu nyingine, kumbe yake ni nzima!

Kwa nini inakaza hivyo? Friwili ya Black Mamba imefungwa kwenye habu kwa hesi, ile mistari kama ya skrubu. Kila ukipiga pedali unaikaza zaidi. Kuzungusha meno kwa mkono hakusaidii: ukirudisha nyuma yanazunguka bure, ukipeleka mbele unakaza. Kinachofunguka ni kile kiini cha ndani chenye pengo mbili au nne. Hapo ndipo pa kushika.

Jambo moja msilisahau. Msikate spoki kabla friwili haijatoka. Rimu ndiyo mkono wenu mrefu wa kuzungushia. Habu ikibaki peke yake mtaishika na nini?

Lazeni gurudumu, mtie mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, mbele kwenye kiini na nyuma kati ya friwili na habu. Acheni yalale usiku kucha, mbali na jiko. Asubuhi toeni nati ya ekseli, mwingize kifungulio cha friwili kwenye pengo, kisha mrudishe nati ikishike kisiteleze. Kibaneni kifungulio kwenye jiriwa, friwili ikiangalia chini, na watu wawili wazungushe rimu kuelekea kushoto kama usukani. Ikilia "tak" na kulegea, simameni! Legezeni ile nati kwanza ndipo mwendelee, la sivyo mtaharibu ekseli.

Kifungulio hamna? Chukueni tindo butu, mwegemeze kwenye ukingo wa pengo, mgonge kinyume cha saa mkiwa upande wa friwili. Gongeni pengo moja, kisha la pili, kwa zamu. Vaeni miwani, chuma huruka.

Ikikataa kabisa, friwili hiyo itolewe mhanga. Kifuniko chake chenye vitundu viwili hufunguka kwa kufuata saa, kinyume na mazoea, na wengi hukaza hapo wakidhani wanafungua. Tandikeni kitambaa, gololi ni ndogo na nyingi. Meno yakitoka, kiini kinabaki wazi: kibaneni kwenye jiriwa mzungushe rimu kama mwanzo.

Baiskeli za mitumba zenye gia nyingi huenda zikawa na kaseti badala ya friwili. Hiyo ina pete yake ya kufungia. Meno yashikwe kwa kipande cha cheni kuukuu kilichofungwa kwenye chuma, pete ifunguliwe kinyume cha saa kwa kifungulio chake.

Wakati wa kurudisha, pakeni grisi kwenye hesi na mwanze kwa vidole. Ikienda upande, rudisheni nyuma mwanze tena. Gololi za habu nazo zitiwe grisi mpya, kwani mafuta ya taa yameosha ile ya zamani.

Kwa mazungumzo ya kikundi: kifungulio kimoja chaweza kutumika na baiskeli ngapi zenu, na kitunzwe na nani?