Uchanganyaji wa Rangi Penyevu katika Viendeshaji vya Michoro: Suala la Kanuni na Istilahi

Utangulizi

Tuchukulie kwamba mwanafunzi anasanifu jalada la jarida la chama chake. Anachagua picha ya mashamba ya chai ya Nyamira, milima ya Manga ikionekana kwa mbali. Juu ya picha anaweka ukanda mweupe unaopenyeza nuru, mfano wa ukungu wa alfajiri, kisha juu ya ukanda anaandika anwani kwa wino mweusi. Katika kompyuta moja mjini Kisii, chai inaonekana vyema kupitia ukungu huo. Faili iyo hiyo inapofunguliwa katika kompyuta nyingine mjini Nyamira, ukanda umegeuka wa kijivu na anwani imefifia. Nani amekosea? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huenda hakuna aliyekosea hesabu. Kilichokosekana ni makubaliano.

Alfa ni nini?

Kila pikseli ya picha huwa na tarakimu tatu za rangi: nyekundu, kijani na samawati, aghalabu kuanzia 0 hadi 255. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alvy Ray Smith na Ed Catmull waliongeza tarakimu ya nne iitwayo alfa. Mwaka wa 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni za kuchanganya picha kwa kutumia tarakimu hiyo. Kanuni inayotumika zaidi ni hii:

matokeo = (alfa × rangi ya juu) + ((1 − alfa) × rangi ya chini)

Wengi wetu tungependa kuiita alfa "uangavu". Istilahi hiyo inapotosha kwa njia mbili. Kwanza, neno "angavu" hubeba pia maana ya kung'aa, ilhali mng'ao ni kipimo kingine kabisa. Pili, alfa inapoongezeka, upenyaji wa nuru hupungua. Kinyago cha mawe ya Tabaka kina alfa ya 1, kwani hakionyeshi kilicho nyuma yake. Kioo safi cha dirisha kinakaribia 0. Ukungu wa Manga uko katikati. Kwa hivyo alfa hupima ufunikaji. Tunapendekeza istilahi "kiwango cha ufunikaji".

Viendeshaji vinapotofautiana

Kiendeshaji cha michoro ni mkalimani baina ya programu na kadi ya michoro. Mkalimani hufasiri vyema anapojua msemaji amekusudia nini. Hapa ndipo penye utata, kwa sababu rangi yenye alfa huhifadhiwa kwa mitindo miwili. Katika mtindo wa kwanza, rangi huandikwa kamili na alfa huwekwa kando. Katika wa pili, rangi huwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa kabla ya kuhifadhiwa.

Tuchukue jani la chai lenye rangi (40, 120, 50), na ukanda mweupe (255, 255, 255) wenye ufunikaji wa 0.6. Hesabu sahihi huzaa (169, 201, 173), yaani kijani chini ya ukungu. Iwapo faili ina rangi iliyokwisha kuzidishwa, yaani (153, 153, 153), nayo ikazidishwa tena wakati wa kuonyeshwa, matokeo huwa (108, 140, 112). Huo ndio ukanda wa kijivu wa Nyamira. Kinyume chake, rangi kamili ikidhaniwa kuwa imekwisha kuzidishwa, jumla hupita 255 na kukatwa hapo. Ukanda huwa mweupe pe na chai yote hupotea.

Sababu nyingine ni namna ya kupima nuru. Nusu ya nyeusi na nusu ya nyeupe hutoa 128 ikiwa tarakimu zinachanganywa jinsi zilivyohifadhiwa, lakini hutoa 188 katika mfumo wa sRGB ikiwa ni nuru yenyewe inayochanganywa. Hali kadhalika, vipimo vya OpenGL, iliyotolewa mwaka wa 1992, havilazimishi kila kiendeshaji kutoa pikseli zinazolingana kikamilifu. Tofauti ndogo ya ukadiriaji inaruhusiwa. Tofauti ya sitini hairuhusiwi.

Njia ya kuleta uwiano

Mbinu tatu zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, programu itangaze waziwazi mtindo wa rangi na wa kupima nuru inaoutumia. Pili, hali ya uchanganyaji iamriwe kila mara kabla ya kuchora, badala ya kutegemea hali iliyoachwa na mchoro uliotangulia. Tatu, tuwe na mizani: tukokotoe kwa kalamu pikseli moja, kama tulivyofanya hapo juu, kisha tuisome katika kila kompyuta. Ikipishana kwa 1, ni ukadiriaji. Ikipishana zaidi ya hapo, tuchunguze kanuni iliyotumika.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba ukanda wa Kisii na ule wa Nyamira ulitokana na tarakimu zilezile zilizosomwa kwa kaida mbili ambazo hazikutajwa. Wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulitambua tatizo hili, kwani ndilo tulilo nalo katika istilahi: mwalimu mmoja husema "uangavu" akimaanisha mng'ao, mwingine akimaanisha upenyaji wa nuru, na mwanafunzi hubaki katika ukungu. Kusanifisha istilahi na kusanifisha viendeshaji ni kazi za aina moja. Zote mbili huanza kwa kutaja bayana kile ambacho kila upande umedhani kinajulikana.