Kulitambua Gugu Karoti

Jina la gugu karoti husaidia, na papo hapo hupotosha. Majani yake yamechanika kama ya karoti, hasa mmea ungali mchanga, unapoyatandaza ardhini kwa duara kabla ya kusimamisha shina. Hata hivyo haumo katika ukoo wa karoti bali wa alizeti, na jina lake la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Nchini Tanzania uliripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010. Hupendelea kando za barabara, viwanja vilivyoachwa wazi na malisho yaliyochakazwa na mifugo.

Mmea uliokomaa huweza kupita mita 1 kwa urefu. Shina lina vinyweleo na mifuo iendayo juu, na majani hupishana. Hapo ndipo kishona nguo, ambacho wengi hukichanganya nao, hujitenga: majani yake hukabiliana mawili mawili, na mbegu zake nyeusi hunasa katika nguo.

Dalili ya kuaminika zaidi ni ua. Kinachoonekana kuwa ua moja jeupe, lenye upana wa milimeta 4 hivi, kwa hakika ni kichwa chenye vijiua vingi. Kwa lenzi, ukingoni huonekana vijiua 5 vyenye ulimi mfupi, navyo hukipa kichwa pembe 5. Hivyo 5 tu ndivyo vizaavyo mbegu. Vya katikati hutoa chavua. Mbegu 5 ni kitu gani? Lakini mmea mmoja mkubwa hubeba maelfu ya vichwa, hata mbegu zikapita 10,000, nao huweza kuanza kuchanua wiki 4 hadi 6 tu baada ya kuota.

Desturi ya kung'oa mimea kwa mikono mitupu na kuileta darasani haifai hapa. Gugu hili lina kemikali iitwayo parthenini, iwezayo kuleta ukurutu, na chavua yake huchochea pumu kwa baadhi ya watu. Mara nyingi ngozi hudhurika baada ya kuguswa mara nyingi. Aliyelishika leo bila kuwashwa asijione salama. Mwanafunzi alichunguze likiwa limesimama, au avae glavu.

Ling'olewe pamoja na mzizi kabla ya kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Likifyekwa kwa panga, huchipua tena kutoka kisikini.