Gari Jipya Linapoharibika Ghafla: Haki na Wajibu wa Mnunuzi

Gari lililotembea miaka kumi likizimika njiani, mwenyewe humwita fundi, hukubaliana naye bei, na mambo huisha. Gari la miezi minane likizimika, swali la kwanza si la ufundi bali ni la malipo: nani atagharimia matengenezo? Jibu hutegemea chanzo cha hitilafu. Nacho chanzo hujulikana kwa ushahidi ambao huanza kupotea tangu dakika gari linaposimama. Kwa sababu hiyo, mnunuzi mwenye haki kamili aweza kushindwa katika dai lake kwa mambo aliyoyafanya au kuyaruhusu katika siku mbili za mwanzo.

Tuchukue mfano. Mnunuzi amenunua pikapu mpya ya dizeli kwa wakala jijini Dar es Salaam. Waranti yake ni ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kutegemea kipi kitatangulia. Baada ya miezi minane, pikapu ikiwa imetembea kilomita 14,000, inapanda mlima wa Kitonga mkoani Iringa ikiwa na mzigo wa kawaida. Nguvu inapungua, taa ya injini inawaka, kisha injini inazimika na haiwaki tena.

Barabarani

Usalama hutangulia dai lolote. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbele na nyuma, na waondoe abiria garini wasimame nje ya barabara. Katika mlima wenye kona kali na malori kama Kitonga, gari lililosimama bila alama ni hatari kubwa kuliko hasara yoyote ya injini.

Taa za dashibodi zina maana katika sheria kama zilivyo na maana katika ufundi. Taa nyekundu ya oili, au mshale wa joto uliofika juu, humtaka dereva asimame mahali salama na kuzima injini mara moja. Akiendelea kilomita kumi zaidi ili afike mjini, hitilafu ndogo ya pampu au bomba la maji yaweza kuwa injini iliyokufa, na wakala atakuwa na hoja ya haki kwamba sehemu kubwa ya uharibifu imesababishwa na dereva. Taa ya rangi ya chungwa kwa kawaida huruhusu kwenda polepole hadi mahali pa ukaguzi, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Kabla gari halijaguswa, piga picha. Kamera ya simu inatosha. Ionyeshe dashibodi na taa zilizowaka, kilomita zilizosomeka, mzigo uliokuwemo, mahali gari lilipo, na chini ya gari kama kuna oili au maji yanayovuja. Andika saa, na andika kwa maneno yako yaliyotokea kwa mfuatano wake: sauti, harufu, moshi, mtikisiko. Maelezo yaliyoandikwa siku ileile huaminika kuliko yale yanayokumbukwa baada ya miezi mitatu.

Kisha mpigie wakala kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Andika jina la aliyepokea simu, saa, na maelekezo aliyoyatoa, halafu mtumie ujumbe mfupi unaoyarudia maelekezo hayo ili yabaki kwa maandishi.

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao kwa nia njema. Fundi wa jirani hufika, na kwa moyo wa kusaidia hulegeza mabomba ya dizeli ili atoe hewa, au huchomoa betri ili gari lijisahihishe. Magari ya sasa yana kompyuta inayohifadhi kodi za hitilafu pamoja na hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mzunguko. Kuchomoa betri au kufuta kodi kwa kifaa kwaweza kuiondoa kumbukumbu hiyo, ambayo pengine ndiyo shahidi pekee asiyependelea upande wowote. Nayo boliti iliyofunguliwa humpa wakala nafasi ya kusema kwamba gari limechezewa. Hoja hiyo si lazima iwe ya kweli, kwa kuwa kulegeza bomba moja hakuthibitishi kwamba ndiko kulikoleta hitilafu. Lakini sasa mnunuzi ana jambo la ziada la kulieleza.

Gari likivutwa, uliza namna linavyotakiwa kuvutwa. Magari mengi ya gia otomatiki, na yale yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, hupata madhara ya giaboksi yakikokotwa magurudumu yakiwa yanazunguka barabarani. Hayo hubebwa juu ya lori. Stakabadhi ya uvutaji itunzwe, kwani waranti nyingine hulipia gharama hiyo na nyingine hazilipii.

Waranti si haki pekee

Wanunuzi wengi hudhani kwamba hati ya waranti ndiyo mwanzo na mwisho wa haki zao. Sivyo. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, yenye masharti aliyoyaandika mwenyewe. Kando yake kuna wajibu ambao sheria humwekea muuzaji, hata kama hakuuandika popote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, katika kifungu cha 16, huweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzika. Aidha, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi atakayoifanyia bidhaa na kuutegemea ujuzi wake katika kuchagua, bidhaa hiyo yapaswa kuifaa kazi hiyo. Nayo Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, hukataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji.

Tofauti hii ina uzito wake. Wakala akisema, “Kipuri hiki hakimo katika waranti,” amejibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni kama gari jipya lenye kipuri kinachokufa katika kilomita 14,000 lilikuwa na ubora unaostahili siku lilipouzwa.

Hata hivyo sheria hiyo ina ukingo wake. Mnunuzi akilichunguza gari kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo uchunguzi huo ulipaswa kuifichua. Na akikaa na gari kwa muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kwamba analikataa, huhesabiwa kuwa amelikubali. Tangu hapo kwa kawaida hubakiwa na haki ya kudai fidia, si kurudisha gari na kurejeshewa fedha. Sheria haikutaja idadi ya siku. Kwa hiyo simu haitoshi, na subira ya miezi sita kwa heshima ya meneja aliyeahidi kushughulikia yaweza kugharimu sana.

Katika karakana ya wakala

Gari likifika, karakana hufungua kadi ya kazi. Isome kabla ya kutia saini. Eleza dalili, usieleze ugonjwa: “Nguvu ilipungua mlimani, taa ya injini ikawaka, injini ikazimika” ni maelezo salama, “pampu ya dizeli imekufa” ni utabiri utakaotumika dhidi yako iwapo si pampu. Kama kadi ina sentensi inayosema mteja atalipia matengenezo, andika kwa mkono pembeni kwamba unaruhusu uchunguzi tu, na kwamba suala la malipo litaamuliwa baada ya chanzo kujulikana. Omba nakala. Omba pia kodi za hitilafu zichapishwe siku hiyohiyo, na vipuri vitakavyotolewa vihifadhiwe hadi dai limalizike.

Katika magari ya dizeli, jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba mafuta yalikuwa machafu. Laweza kuwa jibu la kweli. Mfumo wa dizeli wa magari ya sasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi baa 1,000 kupitia matundu membamba mno, na maji kidogo tu yaweza kuharibu nozeli na pampu. Lakini jibu hilo ni dai, na anayelitoa apaswa kulionyesha. Omba mafuta yatolewe katika tangi na katika chujio ukiwapo, yatiwe katika chupa safi tatu, zifungwe na kutiwa saini na pande zote mbili: moja ya wakala, moja yako, moja ya kupelekwa katika maabara inayotambulika. Uliza pia kama taa ya maji katika mafuta iliwahi kuwaka, na kama kompyuta ya gari imehifadhi kumbukumbu yake.

Hapo risiti za EFD za vituo vya mafuta, ambazo wengi huziacha pampuni, hupata thamani. Zikionyesha kituo, tarehe na kiasi, zaidia upande wowote matokeo yatakapoangukia. Maabara ikikuta mafuta ni safi, hoja ya wakala imeanguka. Ikikuta maji, dai lako linahamia kwa kituo, na malalamiko yapelekwe EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta.

Jambo jingine litakaloulizwa ni huduma za kila baada ya kilomita kadhaa. Kama ratiba ilitaka huduma kwa kilomita 5,000 na 10,000 nawe ulifanya moja tu, useme mapema. Huduma iliyorukwa haifuti haki zote: oili isiyobadilishwa haihusiani na kioo cha dirisha kilichokwama. Inahusiana sana, hata hivyo, na injini iliyokwama.

Pande zikitofautiana juu ya chanzo, tafuta mtaalamu wa tatu kabla matengenezo hayajaanza. Mhandisi mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aweza kuandika taarifa itakayokubalika mbele ya wengine. Ana gharama, na si kila kasoro inaistahili. Kwa injini au giaboksi, inastahili.

Barua

Andika ndani ya siku chache. Barua fupi hufaa kuliko ndefu. Mfano:

“Tarehe (siku) nilinunua kwenu gari lenye namba ya chesisi (namba). Tarehe (siku), likiwa limetembea kilomita 14,000, lilizimika na halijawaka tena. Liko katika karakana yenu tangu tarehe (siku). Naomba mnijulishe kwa maandishi, ndani ya siku 14, chanzo cha hitilafu, ushahidi wa chanzo hicho, na hatua mtakayoichukua kwa gharama zenu. Barua hii si ukubali wangu wa gari likiwa na kasoro hiyo, na ninahifadhi haki zangu zote za kisheria.”

Ambatisha nakala za mkataba, risiti na picha. Nakala halisi zibaki kwako. Barua ipokelewe kwa mhuri au kwa saini.

Kutengenezwa, kubadilishiwa, kurejeshewa fedha

Kwa kasoro moja inayotengenezeka, kudai gari jingine mara ya kwanza mara nyingi hakuzai matunda, na ni haki kumpa muuzaji nafasi ya kurekebisha. Hali hubadilika kasoro ileile ikirudi baada ya kutengenezwa, au matengenezo yakivuka muda usiovumilika. Ndiyo maana kila ziara ya karakana yapaswa kuwa na kadi yake, yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Ikiwa injini yote itabadilishwa, kuna jambo ambalo husahaulika: namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Mtake wakala akupe barua ya mabadiliko, ili kumbukumbu zirekebishwe TRA. Gari lenye injini isiyolingana na kadi yake litakuletea maswali siku ya kuliuza. Uliza pia waranti ya injini mpya inaanza lini na inaisha lini.

Gari lililonunuliwa kwa mkopo wa benki huleta kishawishi cha kuacha kulipa marejesho hadi gari lipone. Usifanye hivyo. Mkataba wa mkopo na mkataba wa mauzo ni miwili, na benki aghalabu imeandikwa katika kadi ya gari. Iarifu benki kwa maandishi, uendelee kulipa, na hasara uiweke katika dai lako dhidi ya muuzaji. Bima kubwa nayo kwa kawaida hailipii kuharibika kwa mitambo. Hulipia ajali, moto na wizi.

Wakala akikataa au akinyamaza

Peleka lalamiko kwa mkurugenzi wa kampuni ya wakala, na nakala kwa mtengenezaji. Mara kadhaa mtengenezaji hulegeza pale wakala alipokaza. Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya walaji, na mafaili yaliyokamilika hueleweka upesi. Mahakama hubaki wazi: dai linalotokana na mkataba lina ukomo wa miaka sita, lakini mashahidi na vipuri havisubiri miaka sita.

Aliyenunua gari lililotumika kidogo katika yadi ana haki dhidi ya mwenye yadi, kwa kuwa naye ni mfanyabiashara wa magari. Na waranti nyingi za mtengenezaji hulifuata gari, mradi kitabu cha huduma kimejazwa. Aliyenunua kwa mtu binafsi hana sharti hilo la ubora, isipokuwa pale muuzaji alipotamka jambo lisilo kweli. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, ukaguzi wa fundi kabla ya kulipa, na maneno ya muuzaji yaliyoandikwa katika mkataba, ndiyo kinga aliyonayo.