Dondoo muhimu: Unda RCH 155 kabla boksi halijatoka

Usingoje kiwanda cha modeli. Gari la majaribio hubadilika kabla halijafika jeshini, ndiyo maana viwanda husita. RCH 155, gari la mzinga la Ujerumani, inaundika hata leo: nunua modeli ya Boxer, gari la magurudumu manane, kisha tafuta mtutu wa modeli ya gari la mzinga PzH 2000, kwani mzinga ni wa aina ileile, milimita 155 wenye urefu wa kaliba 52. Mtutu halisi una urefu wa takriban mita 8. Kwa skeli ya 1/35 pima milimita 230, kwa 1/72 pima 112.

Kibanda cha mzinga ndiyo kazi hasa, na ndipo penye raha. Kikate kwa karatasi za plastiki ukifuata picha za gari moja tu. Ukichanganya matoleo, umeharibu. Kata kwanza kwa kadibodi.